Rebeka na Malango ya Ushuru: Jinsi Wakubwa wa Wales Walivyokabili Ghasia za Wakulima

Wanachama, safari hii nimeona niache kidogo khabari za majamvi na magunia, niwahadithieni khabari ya wakulima wa nchi ya mbali. Hawakuwa na karafuu wala minazi, lakini mambo yaliyowapata atayafahamu kila mtu aliyewahi kukodi shamba au kulipa ushuru njiani. Nchi yenyewe ni Wales, iliyo magharibi ya kisiwa cha Uingereza, na khasa pembe yake ya kusini-magharibi, katika majimbo ya Carmarthen, Pembroke na Cardigan. Wakati ni baina ya mwaka 1839 na 1844. Ghasia hizo mpaka leo zinaitwa ghasia za Rebeka, na jina hilo nitalieleza lilikotoka. Lakini kwangu mimi kubwa katika khabari hii si wale waliovunja malango usiku. Ni wale waliokaa juu ya viti vya hukumu mchana, na namna walivyolishika jambo hili mikononi mwao.

Kwanza yafaa tujue jimbo la Wales lilivyokuwa likitawaliwa siku zile. Hapakuwa na baraza la jimbo lililochaguliwa na watu. Utawala wote wa mahali ulikuwa mikononi mwa mahakimu wa jimbo, nao walikuwa ni mabwana wenye ardhi, pamoja na baadhi ya makasisi wa Kanisa la Uingereza. Hawakuwa wakilipwa mshahara. Walikutana mara nne kwa mwaka, wakahukumu kesi, wakapanga kodi ya jimbo, wakaangalia madaraja na jela. Juu yao alikuwa mwakilishi wa Malkia katika jimbo, naye pia ni bwana mkubwa mwenye ardhi.

Basi angalieni jinsi kofia zilivyojaa juu ya kichwa kimoja. Bwana yule yule aliyekuwa na shamba ndiye hakimu. Hakimu yule yule alikuwa mmoja wa wadhamini wa barabara, wenye haki ya kuweka malango na kutoza ushuru. Tena kwa sababu ya uhakimu wake alikuwa na kiti katika bodi ya maskini, iliyoendesha nyumba ya maskini kwa sheria ya mwaka 1834. Mkulima akiona kodi ya shamba imepanda, mlalamikiwa ni bwana. Akiona lango limewekwa pasipostahili, mlalamikiwa ni bwana. Akikataa kulipa ushuru akashtakiwa, anayemhukumu ni bwana. Na bwana huyo mara nyingi alikuwa akisema Kiingereza tu, na mkulima akisema lugha yao ya Kiwelisi tu, hata maneno yake mwenyewe mahakamani yakabidi yapite katika mdomo wa mtu mwingine.

Mimi ambaye kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za mikutano najua mtu mmoja akishika kazi mbili namna inavyokuwa taabu. Sasa fikirini kazi nne, na zote zinavutana.

Mambo ya mashamba yalikuwa hivi. Wakulima wengi hawakuwa na ardhi yao. Walipanga kwa bwana, na upangaji wenyewe mara nyingi ulikuwa wa mwaka hadi mwaka, bila ya mkataba wa muda mrefu. Mtu akichimba mitaro ya kutoa maji, akajenga ukuta, akatia chokaa mpaka shamba likanawiri, hakuwa na haki kwa sheria kulipwa fidia akiondoka, na huenda alama ya kwanza ya baraka ya kazi yake ikawa ni kupandishiwa kodi. Shamba likiwa wazi, watu walishindana kutaja kodi kubwa ili walipate, maana watu walikuwa wamezidi. Jimbo la Carmarthen peke yake lilikuwa na watu kama 67,000 mwaka 1801, na mwaka 1841 walikuwa zaidi ya 106,000. Ardhi haikuongezeka. Mabwana wengi waliacha mambo ya mashamba mikononi mwa wakala, na wakala kazi yake ni kukusanya, si kusikiliza. Ikawa bwana hamjui mpangaji wake, na mpangaji anamjua bwana kwa njia ya risiti.

Juu ya hayo ikaja miaka mibaya. Mvua zilizidi na mavuno yakaharibika kuelekea mwisho wa miaka ya thelathini ya karne ile. Kisha mwaka 1842 na 1843 bei ya ng'ombe na ya siagi ikaanguka, na ng'ombe ndio waliokuwa wakilipa kodi ya shamba. Na lile fungu la kumi la Kanisa, ambalo zamani mkulima aliweza kulitoa kwa mazao, liligeuzwa kuwa fedha taslimu kwa sheria ya mwaka 1836. Wengi wa wakulima hao hawakuwa hata wafuasi wa Kanisa hilo. Walikuwa na makanisa yao madogo waliyoyajenga kwa michango yao wenyewe.

Sasa tuje kwenye malango. Barabara kubwa zilikuwa chini ya jumuiya za wadhamini zilizoanzishwa kwa sheria za Bunge. Jumuiya ilikopa fedha, ikatengeneza barabara, kisha ikaweka malango ya kutoza ushuru kila gari na kila mnyama apitaye, ili ipate kulipa riba na kutengeneza njia. Jambo lenyewe asili yake si baya, barabara haijijengi. Ubaya uliingia mlango wa nyuma. Jumuiya zilikuwa nyingi, kila moja na kipande chake cha njia, na mkulima aendaye sokoni aliweza kupita vipande vya jumuiya mbili tatu katika maili chache, kila moja ikamtoza upya. Tena jumuiya hazikukusanya ushuru wenyewe. Ziliukodisha mnadani kwa mtu atakayetaja fedha nyingi. Mtu huyo alikuwa amekwisha lipa au ameahidi kulipa, kwa hiyo faida yake yote ilitoka katika kubana. Mashuhuri wao katika sehemu zile alikuwa Thomas Bullin, Mwingereza, aliyekodi malango mengi katika Wales ya kusini.

Na kilichobanwa zaidi ni chokaa. Udongo wa huko, kwa ajili ya mvua nyingi, una asidi. Haustawishi nafaka wala majani mazuri ya ng'ombe mpaka utiwe chokaa. Kila mwaka wakati wa kiangazi wakulima walifunga farasi kwenye magari, wakaenda kwenye matanuri ya chokaa, masafa ya maili nyingi, wakarudi na mzigo. Ushuru wa njiani uliweza kuzidi bei ya chokaa yenyewe tanurini. Nadhani mkulima wa karafuu hataki kuelezwa sana jambo hilo: anajua jinsi mzigo unavyoweza kuliwa na njia kabla haujafika.

Wakulima walifanya kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Walitafuta vichochoro vya kuyakwepa malango makubwa. Basi mwanzo wa mwaka 1839 jumuiya ya barabara ya Whitland ikaweka malango mapya ya pembeni, khasa ya kuyakamata magari ya chokaa, na moja likawekwa mahali paitwapo Efail-wen, mpakani mwa Carmarthen na Pembroke. Usiku wa tarehe 13 Mei, 1839, lango hilo likavunjwa na nyumba ya mlinzi ikachomwa.

Likajengwa tena, na walinzi wakawekwa. Tarehe 6 Juni likaja kundi la mamia ya watu, wanaume waliovaa nguo za kike na kujipaka masizi usoni, walinzi wakakimbizwa, lango likavunjwa vipande vipande. Mwezi wa Julai likavunjwa mara ya tatu. Kiongozi wao aliitwa Rebeka, na waliomfuata waliitwa binti zake. Inasimuliwa kwamba wa kwanza kuvaa nguo hizo alikuwa Thomas Rees, mkulima mwenye mwili mkubwa na mpiganaji wa ngumi, na kwamba hapakupatikana gauni la kumwenea ila la mwanamke mmoja mnene wa jirani aliyeitwa Rebeka. Wengine husema jina lilitoka katika Kitabu cha Mwanzo, palipo na baraka aliyoombewa Rebeka, mke wa Nabii Is-haka, siku alipotoka kwao kwenda kuolewa, nayo inataja milango ya maadui wa kizazi chake. Watu wale walikuwa wasomaji wakubwa wa Biblia, kwa hiyo hapana ajabu ikiwa yote mawili yana kweli.

Mchezo wenyewe ulikuwa na adabu yake. Rebeka hujifanya bibi kizee asiyeona vyema. Huligusa lango kwa fimbo, akawalalamikia binti zake kuwa kuna kitu kimemzuia njia. Nao humjibu kuwa watakiondoa, maana hapana kitu kinachostahili kumzuia mama yao. Ndipo mashoka na misumeno huanza kazi. Mara nyingi mlinzi wa lango aliruhusiwa kutoa vyombo vyake kwanza.

Hapa ndipo wakubwa walipofanya kosa lao la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo lililozaa mengine yote. Tarehe 23 Julai, 1839, wadhamini wa jumuiya ya Whitland walikutana, na miongoni mwao walikuwamo mahakimu wengi wa sehemu zile. Wakakata shauri kuwa lango la Efail-wen lisijengwe tena. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa haki. Lango lile halikustahili kuwapo. Lakini malalamiko yalikuwapo kabla ya shoka, na hayakusikilizwa. Shoka likasikilizwa. Kila mtu katika wilaya zile aliifahamu maana yake, na walipokumbuka miaka mitatu baadaye hawakwenda tena na barua.

Baada ya hapo palikuwa kimya mpaka mwaka 1842. Wakati wa mapukutiko ya mwaka ule likawekwa lango jipya karibu na mji mdogo wa St Clears, na Rebeka akarudi. Safari hii haikuwa lango moja. Lilivunjwa, likajengwa, likavunjwa, na moto ukaenda kutoka wilaya hadi wilaya. Mahakimu walitaka kuwaapisha wakulima wawe polisi wa muda, kama sheria ilivyowaruhusu. Wakulima wengi wakakataa. Walikuwa hawataki kulilinda lango ambalo pengine usiku wa jana walikuwa wamesaidia kulivunja. Jimbo la Carmarthen halikuwa na polisi wake wa jimbo mpaka katikati ya mwaka 1843, maana polisi ni gharama, na gharama hulipwa kwa kodi, na kodi ndiyo iliyokuwa ugomvi.

Mfano mmoja unaonyesha vyema jinsi kofia zile nne zilivyoleta fitina. Mwezi wa Mei 1843 lango la Water Street, katika mji wa Carmarthen, lilivunjwa. Watu kadhaa kutoka kijiji cha Talog na jirani zake walipita bila ya kulipa, wakatozwa faini, wakakataa faini. Tarehe 12 Juni walitumwa polisi pamoja na askari wastaafu kwenda Talog kukamata mali badala ya faini. Walikutana na mamia ya watu wakapokonywa bastola zao na hati zao. Kisha walipelekwa mpaka kwenye ardhi ya mmoja wa mahakimu, kapteni mstaafu, wakalazimishwa kubomoa ukuta wa shamba lake la miti kwa mikono yao wenyewe. Tazameni: ugomvi ulianza juu ya ushuru wa barabara, ukaishia kwenye ukuta wa shamba. Kwa watu wa Talog hapakuwa na tofauti, kwa sababu upande wa pili alikuwa ni mtu mmoja.

Wiki moja baadaye, tarehe 19 Juni, 1843, maelfu ya watu waliingia mjini Carmarthen mchana kweupe, kwa miguu na juu ya farasi, wakitanguliwa na bendi na bendera iliyoandikwa kwa Kiwelisi neno la haki. Waliokusudia kupeleka malalamiko yao kwa mahakimu walikuwa wengi. Lakini kundi likageukia nyumba ya maskini, likavunja lango na kuanza kutupa vitanda madirishani. Nyumba hiyo ilichukiwa kuliko hata malango, maana maskini aliyeingia humo alitenganishwa na mkewe na watoto wake, na mkulima aliyekuwa akimsaidia jirani kwa debe la nafaka sasa alidaiwa fedha kuiendesha. Wakati huo huo askari wapanda farasi wa kikosi cha Serikali wakafika mbio, wakawazingira waliokuwa ndani, na watu wengi wakakamatwa.

Tangu siku hiyo jambo lilitoka mikononi mwa mahakimu likaingia mikononi mwa London. Kanali James Frederick Love alitumwa kuongoza majeshi yote ya sehemu zile. Mwakilishi wa Malkia katika jimbo la Carmarthen, Lord Dynevor, alikuwa mzee, na kazi ilifanywa na mwanawe, George Rice Trevor. Barua zake na za mahakimu wengine kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Sir James Graham, zimehifadhiwa London mpaka leo. Neno linalorudi katika barua hizo ni askari, na tena askari. Graham kwa upande wake aliwahimiza mahakimu wafanye kazi yao wenyewe. Hakupenda kuona mabwana wa jimbo wanakimbilia Serikali kila lango likivunjwa. Askari wakaja, lakini wangefanya nini? Malango yalikuwa mengi kila upande. Askari hawakujua vichochoro wala lugha. Usiku baragumu zililia juu ya vilima, askari wakaenda mbio upande ule, na lango la upande wa pili likaanguka. Zawadi za fedha zilitangazwa, na watu waliokuwa wakihesabu kila peni hawakwenda kuzichukua.

Na Rebeka naye akapanua kazi. Barua zenye jina lake zilipelekwa kwa mabwana kutaka kodi za mashamba zipunguzwe, na kwa makasisi kuhusu fungu la kumi. Mkulima tajiri aliyechukua mashamba mawili aliamriwa aache moja kwa mwenziwe. Wanawake waliozaa nje ya ndoa, ambao sheria ya 1834 iliwanyima msaada wa kumtia mkononi baba wa mtoto, walipata msaada wa Rebeka: mtoto alipelekwa nyumbani kwa baba yake usiku. Karibu na kasri la Dynevor lilichimbwa kaburi, likaenezwa neno kuwa Trevor atalazwa humo kabla ya tarehe 10 Oktoba. Mawakala wa mashamba waliogopa zaidi, maana bwana aliweza kwenda London, na wakala alibaki na nyasi zake kavu zilizorundikwa uani.

Sasa namtaja mtu ambaye si hakimu wala askari. Gazeti la The Times la London lilimtuma mwandishi wake, Thomas Campbell Foster, mwezi wa Juni 1843. Hakuwa mtu wa huko na hakujua Kiwelisi. Lakini alifanya kitu ambacho mahakimu wengi, wakaao humo miaka yote, hawakukifanya: aliuliza. Alikwenda vijijini, akahesabu ushuru kutoka lango hadi lango, akauliza kodi za mashamba, akaandika. Mwezi wa Julai wakulima waliokuwa wakikutana kwa siri mahali paitwapo Cwm Ifor walimruhusu aingie katika mkutano wao. Alipochapisha malalamiko yao, watu waliona kuwa kuna njia ya kusikika isiyohitaji masizi usoni.

Mikutano ya wazi ikaanza. Mkubwa wa mikutano hiyo ulifanyika juu ya mlima wa Mynydd Sylen, tarehe 25 Agosti, 1843, wakahudhuria watu kama 3,000. Aliyekaa kiti cha mwenyekiti alikuwa William Chambers mdogo, hakimu wa Llanelli, mwenye ardhi. Hapo yalisomwa maombi kwa Malkia juu ya malango, fungu la kumi, sheria ya maskini na kodi. Huyu Chambers namuona ni mtu wa kuangaliwa, maana alijaribu kusimama pande mbili kwa wakati mmoja, na nchi ikiwaka moto jambo hilo lina gharama. Usiku wa tarehe 6 Septemba, Kapteni Charles Napier, mkuu wa polisi wa jimbo la Glamorgan, alijificha na polisi wake karibu na lango la Pontarddulais. Alikuwa amepata khabari mapema. Rebeka alipokuja zikapigwa bunduki, na kijana wa familia ya wakulima, John Hughes, akajeruhiwa mkono na kukamatwa. Chambers alifika kwa kazi yake ya uhakimu. Ikaenezwa kuwa naye alifyatua risasi. Siku chache baadaye mazao na majengo ya mashamba yake yakatiwa moto. Mtu aliyekuwa mwenyekiti wa wakulima mwezi wa Agosti, mwezi wa Septemba alikuwa adui.

Siku zile zile ikatokea khabari mbaya kuliko zote. Katika lango la Hendy aliishi bibi mmoja mlinzi, Sarah Williams, umri wake zaidi ya miaka 70. Alionywa aondoke, akakataa. Nyumba ikachomwa, naye akipita huku na huku kuokoa vitu vyake akapigwa risasi, akafa. Daktari alionyesha chembe za risasi kifuani. Wazee wa baraza la uchunguzi, watu wa pale pale, walitoa uamuzi kuwa amekufa kwa damu iliyojaa kifuani, lakini sababu ya damu hiyo haikujulikana kwao. Nimeusoma uamuzi huo mara nyingi. Waliouandika hawakuwa wajinga. Walikuwa na khofu, na huenda na aibu pia, na wote wawili Rebeka na Serikali wakaona mambo yalipofika.

Wakulima wenye nyumba na familia wakaanza kujitoa. Waliobakia usiku, baadhi yao walikuwa watu wa kukodiwa tu, kama John Jones aliyeitwa Shoni Sguborfawr na David Davies aliyeitwa Dai'r Cantwr, na hao hawakuwa wakimwogopesha bwana peke yake bali na mkulima pia. Kesi ya watu wa Pontarddulais ilipelekwa Cardiff, mbali na kwao, ili lipatikane baraza lisilokuwa na jamaa zao. John Hughes akahukumiwa miaka 20 ya uhamishoni ng'ambo katika makoloni ya Australia, na wenziwe wawili miaka saba saba. Mwezi wa Desemba Dai'r Cantwr alipata miaka 20, na Shoni maisha.

Lakini wakati hukumu hizo zinatolewa, Serikali ilikuwa imekwisha fanya jambo la pili, nalo ndilo lililozima moto. Iliteua tume ya uchunguzi: mwenyekiti Thomas Frankland Lewis, naye ni mtu wa Wales, pamoja na Robert Henry Clive na William Cripps. Walianza kusikiliza mwezi wa Oktoba 1843 mjini Carmarthen, kisha wakazunguka majimbo ya kusini, mji baada ya mji. Walikuja mbele yao mabwana, mawakala, makasisi, makarani wa jumuiya za barabara, na wakulima waliosema kwa njia ya mkalimani, kila neno likaandikwa. Vitabu vya hesabu vya jumuiya vilifunguliwa. Ikaonekana madeni yasiyolipika, usimamizi wa ovyo, na malango ya pembeni yaliyowekwa kuziba pengo la hesabu.

Ripoti ilitoka mwezi wa Machi 1844, na mwaka ule ule Bunge likapitisha sheria mpya ya barabara za Wales ya kusini. Jumuiya zikavunjwa, na barabara za kila jimbo zikawekwa chini ya bodi moja ya jimbo. Madeni, zaidi ya pauni 200,000, yalikusanywa pamoja na kulipwa kwa mkopo wa Serikali, urudishwe kidogo kidogo kwa miaka mingi. Ushuru ukawa wa namna moja, mtu asitozwe mara ya pili katika masafa ya maili saba, na ushuru wa chokaa ukapunguzwa nusu. Hilo la chokaa ndilo waliloliomba tangu 1839.

Malango yaliyobaki hayakuvunjwa tena, na ushuru ukalipwa. Watu waliosemwa kuwa ni wakaidi kwa tabia walilipa walipoona hesabu inaeleweka. Mwaka 1852 reli ikafika Carmarthen, na mizigo mingi ikaacha barabara.

La mashamba, lakini, tume iliyasikia malalamiko yake na sheria haikuyagusa. Baadhi ya mabwana walipunguza kodi kwa hiari yao wakati wa ghasia. Upangaji wa mwaka hadi mwaka ukabaki vile vile. Yaliyotokana na hilo yalionekana baada ya uchaguzi wa mwaka 1868, wapangaji kadhaa katika Cardigan na Carmarthen walipotolewa mashambani mwao kwa sababu hawakumpigia kura mtu wa bwana. Haikuwa mpaka mwaka 1893 ndipo Serikali ilipoteua tume ya kuchunguza ardhi ya Wales yenyewe, miaka 50 tangu siku ya Mynydd Sylen.

Na vile viti vya mahakimu? Uhukumu wa kesi waliubakiza. Lakini sheria ya mwaka 1888 iliwaondolea kazi za kodi, madaraja na barabara, zikapewa mabaraza ya majimbo. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika mwezi wa Januari 1889, na katika Wales mabwana wengi walishindwa na wakulima, wafanya biashara na wahubiri wa yale makanisa madogo. Mwaka huo huo bodi za barabara za Wales ya kusini zilifikia mwisho, na malango ya mwisho ya ushuru yakaondolewa kwa amri ya mabaraza, mchana, na mafundi wa kulipwa.

John Hughes hakurudi kwao. Dai'r Cantwr alisamehewa mwaka 1854 akarudi Wales, lakini hakupata tena shamba wala kituo. Mwaka 1874 alikuwa amelala ndani ya ghala la nyasi, likashika moto, akafa humo.